Mwenye Visiwa Vitano

Rispah Awuor alikuwa na visiwa vitano, na hakupenda mtu avisogelee.

Havikuwa vyake, bila shaka. Vilikuwa na wenyewe: Komoro, Ushelisheli, Morisi, Sao Tome na Cape Verde, nchi ndogo zenye bendera zake, marais wake na shida zake za maji na umeme. Lakini umwambie hivyo Rispah uone atakavyokukata jicho. Kampuni aliyofanyia kazi, iliyokuwa na ofisi kwenye jengo la vioo pale Sandton, Johannesburg, ilikuwa imepewa kazi ya kuzipangia nchi hizo mtandao mmoja wa habari, ili jambo linalojulikana kisiwa kimoja lisilale bure wakati kisiwa kingine kinalitafuta. Tuseme Ushelisheli wamechora ukuta mzuri wa kuzuia bahari isile barabara; kwa nini Komoro walipe mhandisi kutoka Ulaya awachoree ukuta uleule? Tuseme Morisi wamepata njia ya kumkomesha mdudu anayetafuna minazi. Kwa nini Sao Tome wakae wakiangalia minazi yao ikikauka? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ni kazi ya maana, na Rispah aliijua kama mtu anavyojua jiko lake. Tumpe haki yake kabla hatujamsema.

Sasa tumseme. Mtandao ule aliupanga hivi: kila nchi ilikuwa na mtu wake wa habari, na mtu huyo akitaka kujua jambo, alimwandikia Rispah. Rispah aliangalia nani analo, akaliomba, akalipokea, akalisoma, akalisafisha, ndipo akalipeleka kwa mwenye shida. Juu ya yote aliwawekea kanuni moja, akawafundisha mpaka wakaikariri: usilete habari bila kusema umeipata kwa nani na lini. Ukiutazama mchoro wa mtandao huo uliobandikwa ukutani mwa ofisi, uliona visiwa vitano pembeni, Johannesburg katikati, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliotoka kisiwa kwenda kisiwa.

Siku moja mkurugenzi wao, Kipkoech, mtu wa Eldoret aliyezeekea Sandton, alisimama mbele ya mchoro ule akajikuna kidevu. "Kwani hawa watu hawawezi kuulizana wenyewe?"

"Ubora," alijibu Rispah bila kuinua macho. "Ukiwaacha waongee wenyewe utapata porojo tu."

Kipkoech alilipenda neno ubora. Aliliweka katika kila hotuba yake, basi hakuuliza tena.

Na Rispah alikuwa na sababu yake, ingawa si ya ubora. Alizaliwa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Baba yake alikuwa karani wa uvuvi, na nyumbani kwao ndiko ilikokaa redio ya upepo ya serikali, chombo pekee cha kuongea na ng'ambo. Aliyetaka kujua kama mgonjwa wake amefika hospitalini, kama matokeo ya mtihani yametoka, kama boti la mafuta litakuja, alipanda kilima mpaka kwa akina Rispah, na hakupanda mikono mitupu. Kanisani mama yake ndiye aliyesalimiwa kwanza. Kisha minara ya simu ikasimamishwa, kila mtu akawa na simu yake mfukoni, na njia ya kupanda kwao ikaota majani. Rispah alikwenda likizo akamkuta mama yake amekaa mlangoni, amevaa gauni la Jumapili siku ya kazi, anaangalia kilima ambacho hapandi mtu. Alirudi Johannesburg na picha hiyo kichwani, wala hakumwambia mtu.

Basi ukiona mwanamke wa makamo, mwenye mume, watoto na nyumba ya kulipia benki kule Midrand, anacheka peke yake ndani ya treni ya kasi kwa sababu Carmel wa Ushelisheli amempigia simu kumuuliza jambo la vyeti vya samaki, usimcheke. Carmel alikuwa mama mnene wa sauti nzito, mtu wa habari wa nchi yake, na ndiye aliyemwita Rispah "Mama Visiwa". Jina hilo Rispah alimsimulia mumewe, Josiah, kila siku ya wiki ile.

Ndipo akaja Mayasa.

Aliajiriwa kwa sababu wafadhili walitaka mmoja wa wapangaji wa mtandao awe mtu wa visiwani. Alikuwa binti wa Ngazija, Komoro, aliyesomea Zanzibar, wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye vilemba vya rangi na Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni. Siku ya kwanza aliingia ofisini, akawazunguka wote kwa heshima, na alipofika mezani kwa Rispah akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, dada."

Ofisi nzima ilisikia. Kwa Mayasa hiyo ilikuwa adabu ya kawaida aliyofunzwa tangu utotoni. Kumpita mkubwa bila shikamoo kungekuwa kumtukana. Lakini Rispah ni mtu wa ziwani, na kwao salamu ile alipewa bibi mwenye mkongojo. Alimwangalia huyu binti, akaangalia kama Kipkoech amesikia, akaona amesikia, tena anatabasamu.

"Marahaba," alisema, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Mchana wakala pamoja. Mayasa alileta mkate wa sinia aliouoka mwenyewe nyumbani kwake Mayfair, akaugawa, na Kipkoech akala vipande vitatu. Mtu mmoja akasema kwamba Rispah naye kwao ni kisiwani.

"Kumbe?" Mayasa alimgeukia kwa macho makubwa. "Kisiwa gani, dada?"

"Mfangano. Ziwa Viktoria."

"Ziwani nako kuna visiwa? Na maji yake mnakunywa tu, hayana chumvi?"

"Tunakunywa tu."

"Mna bahati," alisema Mayasa, na alilisema kwa moyo mweupe, kwani kwao watu wanakinga mvua kwa mapipa. Rispah alisikia kingine. Alisikia kwamba chake si kisiwa, ni jiwe lililosahauliwa kwenye dimbwi. Akaukataa mkate akisema ana sukari, jambo ambalo si kweli.

Wivu una macho mengi, na kuanzia siku hiyo yote yalimfuata Mayasa. Rispah aliona jinsi anavyocheka akiwa kwenye simu. Aliona kwamba anaongea Kifaransa na Komoro bila kutafuta neno, hali yeye Rispah Kifaransa chake alikijenga kwa jasho kwenye darasa la jioni. Aliona kwamba Kipkoech, ambaye kwake alisema "Rispah, leta ile ripoti," kwa huyu alisema "Mayasa, unaonaje?" Hata Cédric, mlinzi wa mlangoni, Mkongo wa Bukavu ambaye kwa miaka mingi alimhifadhia Rispah salamu ya kwanza ya asubuhi, sasa alimpokea kwa habari asizozitaka.

"Jambo, Mama Rispah. Ule dada ya Komoro asha panda juu. Ameniletea na chai. Eish, ule mutoto ana roho muzuri."

"Nimefurahi," alisema Rispah, na akapanda lifti akiwa amekunja uso.

Hayo yote angeyameza. Kilichomshinda ni kundi la wasapu.

"Dada Rispah," alisema Mayasa asubuhi moja, "nimefungua kundi dogo, ili watu wetu wazoeane. Nimekutia na wewe."

Watu wetu. Rispah alisikia lile "wetu" likiingia mbavuni. Alifungua simu akakuta Carmel amemtumia Mahmoud, mtu wa habari wa Komoro, picha ya paka wake. Mzee wa Cape Verde aliandika habari ya harusi ya bintiye. Yule wa Morisi alituma picha ya chakula. Watu watano aliowalea mmojammoja, kila mmoja kwenye chumba chake, walikuwa sebuleni wanapiga soga, na aliyewafungulia mlango ni huyu wa juzi. Alivumilia siku moja. Ya pili yake akabonyeza kitufe cha kutoka, na kwa Mayasa akasema kundi lina makelele, yeye ana kazi.

"Sawa, dada," alisema Mayasa. "Ukitaka kurudi, niambie."

Haikupita wiki akaja yule mdudu wa minazi. Sao Tome walimwandikia Rispah kwa utaratibu wake, kama walivyofundishwa. Rispah akawaandikia Morisi, Morisi wakajibu, akasafisha, akapanga, akaweka vichwa vya habari na chanzo chake, akatuma. Likarudi jibu fupi la adabu: asante sana, tayari tumepata. Walikuwa wameuliza na kundini, na yule wa Morisi aliwapigia picha mtego wenyewe, ndoo ya plastiki iliyotobolewa, akawaonyesha pa kuuning'iniza.

Tayari tumepata. Maneno hayo mawili Rispah alilala nayo na kuamka nayo. Mtu mwingine angefurahi kwamba minazi imepona. Yeye aliichukia ile ndoo.

Sasa jambo lenyewe lililokuwa mbele yao ni hili. Kazi ya kupanga ilikuwa inafika mwisho, na wajumbe wa nchi zote tano wangekuja Johannesburg kuamua mambo mawili: kituo cha mtandao kikae wapi, na nani awe mratibu wake. Mratibu mmoja tu. Rispah alikuwa hana shaka kwamba kituo kingebaki Johannesburg na mratibu angekuwa yeye, mpaka Mayasa alipomwambia, huku akikosha kikombe chake kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Mahmoud anataka kituo kiende Moroni, na wenzake wanaelekea kukubali.

Moroni. Kwao Mayasa. Rispah hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliona kila kitu: binti na kilemba chake amekaa katikati ya mchoro, visiwa vinne vimemzunguka, simu inalia na inalia, na kila anayepiga anamtaka yeye.

Jioni hiyo Josiah alimpitia kwa gari. Josiah ni mhasibu, mtu mpole, na upole wake wakati mwingine ulimtia Rispah hasira kuliko matusi. Walikuwa wamesimama kwenye roboti, taa za barabarani, muuza miwani akiwagongea kioo, Rispah alipomaliza kumsimulia.

"Lakini nyar chula," alisema Josiah, kwani hivyo ndivyo alivyomwita tangu uchumba, binti wa kisiwani, "hii project ikiisha si watakupatia ingine? Kipkoech hawezi kukuacha."

"Sitaki ingine."

"Sasa hao watu wakikaa na huyo msichana, wewe inakutoa nini?"

"Ni mimi nimewalea, Josiah. Mimi. Yeye amewakuta wakubwa."

Taa ikageuka kijani. Josiah aliendesha bila kusema neno, na Rispah aliuchukulia ule ukimya kuwa mumewe naye yuko upande wa Mayasa.

Ndipo akapanga jambo lake, na lazima tukubali kwamba lilipangwa na fundi. Nchi ni tano. Kila moja ina kura moja. Mahmoud ataitaka Moroni. Basi kila mmoja wa wale wanne waliobaki akipewa sababu ya kutaka kituo kije kwake, kura zitatawanyika moja moja, hakuna atakayeshinda, na kitu kisichopata mshindi hubaki kilipo. Nacho kilikuwa Johannesburg.

Aliwapigia simu mmojammoja, mlango wa chumba cha mikutano ukiwa umefungwa. Kwa Carmel alisema kwamba ukitazama vizuri, hakuna mahali panapofaa kama Victoria, mji wao mkuu: pametulia, pana watu waliosoma, na yeye Rispah kwa upande wake angefurahi sana. Kwa yule wa Morisi alisema, ninyi mna umeme usiokatika na nyaya za baharini, kituo kiende wapi tena kama si Port Louis? Kwa yule wa Sao Tome alisema kwamba siku zote nchi yake imesahauliwa na sasa ni zamu yake. Kwa mzee wa Cape Verde alikisifia chuo chao na vijana wao wa kompyuta. Kila mmoja alifurahi kwa namna yake, na kwa kila mmoja Rispah alimalizia kwa sauti ya chini, hili libaki kati yetu.

Alitoka mle chumbani mwepesi. Alimpita Mayasa akamwambia kilemba chake kinapendeza, na Mayasa akashangaa mpaka akakishika. Nyumbani akapika kuku, akaimba nyimbo za kwaya, na wanawe waliokuwa wakimjibu kwa Kiingereza siku zote wakaulizana kwa Kiingereza mama ana nini. Mama alikuwa na raha ya mtu aliyemtilia mwenzake mchanga katika kitumbua.

Na hapo ndipo mimi ninaposhindwa kumwelewa mwanamke huyu. Miaka yote ile alikuwa akiwafundisha watu watano jambo moja tu, kwamba mtu asikae na habari peke yake. Aliwafundisha asubuhi, aliwafundisha kwa barua pepe, aliwafundisha kwenye warsha zenye chai na biskuti. Kisha siku aliyotaka wanyamaze, akadhani watanyamaza. Lakini alikuwa ameondoka kundini, na asichokiona mtu mwenye wivu huwa anakijaza mwenyewe; alidhani mle ndani bado wanatumiana picha za paka.

Wajumbe wakaja. Carmel alimkumbatia Rispah mpaka miwani ikaenda upande, akampa mfuko wa mdalasini. Mzee wa Cape Verde alimbusu mkono. Walikaa katika ukumbi wa mikutano wa ofisi, Sandton yote ikiwaka jua nyuma ya vioo, na Kipkoech akafungua kwa hotuba iliyokuwa na ubora mara nyingi. Rispah akaeleza mpango wake kwa utulivu, akisoma nyuso. Alipofika kwenye suala la kituo, alisema kwa unyenyekevu kwamba hilo ni la wajumbe wenyewe. Akaketi, akakunja mikono, akamtupia Mayasa jicho. Mayasa alikuwa anaandika.

Mahmoud akasimama. Alikuwa mtu mfupi mwenye kanzu na koti, na aliongea taratibu.

"Mheshimiwa mkurugenzi, sisi watano tumeshauriana kabla ya kuja. Tunaomba kusema kwa sauti moja. Kituo hatukitaki."

Kipkoech alidhani hakusikia. "Hamkitaki Johannesburg?"

"Popote. Hata Moroni, na mimi ndiye niliyepaomba. Kila nchi itaweka habari zake mahali ambapo wenzake wanaweza kuzifikia, na mwenye swali atamuuliza mwenye jibu. Tumekwisha anza, na tumeona inakwenda. Na kama hakuna kituo, hakuna haja ya mratibu."

Mmojammoja wakaitikia: Morisi, Sao Tome, Cape Verde. Carmel aliitikia wa mwisho, na alipoitikia alikuwa anamwangalia Rispah. Rispah alitabasamu, kwa sababu uso ulikuwa tayari umekaa mkao huo na hakujua mwingine wa kuuweka.

Wakati wa chai Carmel alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye pembe ya dirisha. Aliongea Kiingereza chake cha kuimba, kwa sauti ya chini.

"Uliponipigia simu nilifurahi kama mtoto. Nikaandika kundini palepale kwamba kituo kije Victoria. Na wewe mwenyewe ulitufundisha, basi nikaandika na chanzo: nimeambiwa na Rispah, leo asubuhi. Mara Morisi akaandika, mbona mimi ameniambia Port Louis? Akaja Sao Tome. Akaja mzee. Kila mmoja na chanzo chake na siku yake, Rispah, sawasawa kama unavyopenda."

Rispah alikiweka kikombe chake cha chai kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mzee alikasirika," Carmel aliendelea. "Mimi nilicheka, kisha nikasikitika. Tukakaa tukasema, kama kile kiti cha katikati kinaweza kumfanya mtu mwema kama Rispah afanye hivi, basi ubaya uko kwenye kiti. Ndiyo maana tumekiondoa. Mkurugenzi wako hatutamwambia. Usiogope."

"Mngempa Mayasa," alisema Rispah hatimaye. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kujitetea. "Mlikuwa mnataka kumpa Mayasa."

Carmel alirudi nyuma akamwangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Nani kakuambia? Tulikuwa tumeshakubaliana kabla ya simu zako. Kituo Moroni, na mratibu wewe. Mayasa ndiye aliyelitoa jina lako. Alisema hakuna anayetujua kama wewe."

Akampigapiga begani, akaenda kutafuta sukari.

Mtu mwingine angelia. Rispah alisimama pale dirishani, na kitu cha kwanza kilichomjia, kabla ya aibu, kabla hata ya majuto, kilikuwa wivu mpya mbichi: kwamba hata katika wema huyu binti amemtangulia. Yeye alikuwa akimchimba mwenzake, na mwenzake alikuwa akimpandisha. Angeweza kumsamehe Mayasa urembo, ujana, Kifaransa na mkate wa sinia. Hilo la wema aliona halina msamaha.

Alasiri wajumbe walikwenda kupumzika hotelini, na Kipkoech alijifungia akiwaandikia wafadhili. Ofisini walibaki wawili. Rispah alimwendea Mayasa mezani kwake. Hakujua anakwenda kuomba radhi au kugombana.

"Carmel ameniambia ni wewe ulinitaja."

Mayasa aliacha kuandika. "Ndiyo, dada."

"Kwa nini? Mimi sikuwahi kukutendea mazuri. Wacha tusidanganyane."

Mayasa alikifungua kilemba chake mbele akakifunga upya, na alipoongea hakumwangalia.

"Ungekuwa mratibu ungehamia Moroni."

"Sasa?"

"Mimi ningebaki hapa. Kwenye ile meza yako ya dirishani. Wakipiga simu Johannesburg ningepokea mimi." Kisha yakamtoka kwa mkupuo. "Wewe hujui ilivyo, dada. Nimewafungulia kundi, nimewapikia, nimewatafutia kila kitu. Na nikimjibu mtu jambo lolote, hata jambo ninalolijua kama jina langu, anasema ahsante Mayasa, na Rispah anasemaje? Kila siku. Hata kaka Mahmoud, mtu wa kwetu, niliyekua nikimwita kaka. Na Rispah anasemaje? Nilikuwa nakwenda nyumbani roho inaniuma mpaka silali. Nikaona, bora akae mbali, apewe ukubwa wake huko, nami nipate nafasi ya kuulizwa mimi."

Chini barabarani magari yalianza kufungana kama kila jioni. Rispah alivuta kiti akaketi, taratibu, kama mtu aliyetoka safari. Kwa miezi yote ile alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwa mtu aliyemwonea wivu, wala hakujua. Alitafuta hasira ndani yake, hakuipata. Alitafuta aibu, nayo ilikuwepo, lakini ilikuwa imesogezwa pembeni na kitu kingine kitamu ambacho hakuweza kukitemea mate.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hapo. Walivyokuwa wakisema."

Mayasa alimwangalia kuona kama anamtania, akaona hamtanii. Basi akamsimulia tena yote, nchi kwa nchi, Komoro, Ushelisheli, Morisi, Sao Tome, Cape Verde, na Rispah akasikiliza, amefumba macho, habari za watu ambao kuanzia kesho hawatakuwa na sababu ya kumpigia simu.